Msemaji wa Fundi

"Boila unaijua?" aliuliza mkuu wa karakana.

"Kidogo," alijibu Fundi.

Jamani, kidogo! Mtu aliyeumaliza ujana wake ndani ya chumba cha mvuke cha hospitali kubwa ya kwao, anayeweza kuifungua boila kipande kwa kipande na kuirudisha bila kubakiwa na nati hata moja mkononi, anaulizwa kama anaijua, anasema kidogo. Wala si kwamba alitetemeka. Alikaa vizuri, magoti pamoja, mikono juu ya mapaja, shati limepigwa pasi na mkewe mpaka likanyooka lote. Alijibu kama alivyolelewa kuwajibu watu wa heshima. Kwao fundi akisema "kidogo," mwenye kazi hutabasamu na kumwonyesha mashine ilipo. Hapa ugenini, kwenye usaili wa jengo la dobi, mahali pa kufulia mashuka ya hospitali, karani aliyekaa pembeni ya meza aliandika neno lile lile kwenye kompyuta yake, akangoja lingine.

"Umewahi kuifungua mwenyewe?" Mkuu wa karakana alikuwa mzee mwenye kipara, na miwani yake aliipandisha juu ya kipara hicho alipotaka kumwona mtu vizuri.

"Tulikuwa tunajaribujaribu pale kazini."

"Nyinyi na nani?"

"Mimi na wenzangu."

Wenzake! Wenzake walikuwa wakimshikia tochi. Lakini angesemaje? Akae mbele ya watu ambao hata maji hawajanywa pamoja, aanze kujimwagia sifa? Mama wa utumishi, aliyekaa katikati, akamuuliza kwa upole kwa nini wamchukue yeye wawaache wengine. Fundi alimwonea huruma yule mama kwa kulazimika kuuliza swali la aibu namna ile. "Labda wapo wanaofaa kuliko mimi," alisema. "Ila mkinipa nafasi, nitashukuru sana."

Wakampa mkono wote. Fundi alirudi nyumbani anapiga mluzi, akiamini mambo yamekwenda murua.

Simu ya majibu aliipokea mkewe, kwa sababu Fundi alikuwa zamu kwenye ghala la biskuti alikopakia maboksi tangu wahamie. Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko walikotoka, na mpaka leo majirani wa jengo walimwita Mwalimu, ingawa sasa alikuwa akisafisha madarasa badala ya kufundisha. Fundi aliporudi alimkuta amesimama jikoni, mikono kiunoni.

"Hawakukuchukua," alisema. "Wamesema wewe ni mtu mzuri, una adabu, lakini bado unajifunza kazi."

"Najifunza nini?"

"Hilo ndilo nataka unieleze wewe, baba watoto. Uliwaambia nini?"

Fundi akamsimulia, neno kwa neno. Mwalimu alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alipofika kwenye "wapo wanaofaa kuliko mimi," mke akaketi, akaanza kucheka, na kicheko kile kikageuka kilio kabla hakijaisha. Alikuwa na sababu. Mezani palikuwa na ujumbe wa kaka yake, aliyekwisha kumtafutia Fundi kazi kwenye machimbo ya mawe, safari ya siku mbili kutoka pale. Kazi ipo, kitanda kipo, likizo mara moja kwa mwaka. Gari la kuchukua watu lingeondoka Jumapili, na shemeji alitaka jibu.

Ghala la biskuti lilikuwa linafungwa. Hilo nyumba nzima ililijua. Kwa hiyo palibaki mambo mawili tu: boila ya dobi la hospitali, au machimbo. Na boila ilikuwa imeshaponyoka.

"Nitakwenda kwa shemeji," alisema Fundi wakati wa chakula cha usiku, mbele ya mama yake na binti zake wawili. "Mwaka si mwingi."

Binti mdogo aliuliza kama huko machimboni watoto wanaruhusiwa, dada yake akamkanyaga mguu chini ya meza. Bibi, mama yake Fundi, aliendelea kutafuna polepole, macho kwenye sahani. Alikuwa amevuka mpaka na mwanawe akiwa mzee tayari, kwa sababu alikataa kubaki peke yake. Sasa alikuwa akipiga hesabu kichwani kuhusu mwaka mmoja na umri wake, na hesabu ile haikumpendeza.

Asubuhi Mwalimu alipiga moyo konde, akampigia simu mama wa utumishi.

"Huyo mliyesema bado anajifunza," alisema, "ndiye aliyekuwa akiamshwa kila boila ya hospitali yetu inapogoma. Daktari mkuu alikuwa hawezi kuanza upasuaji bila kumuuliza mume wangu kama mashuka yametoka kwenye mvuke."

"Mama, kwa kawaida wake hawapigi simu hapa," alisema yule mama, bila ukali.

"Najua. Na mimi nimeona haya, lakini haya haitanisaidia Jumapili."

Mwalimu alisikia karatasi zikipekuliwa. Kisha yule mama akashusha pumzi, akasema kwamba kwa kweli aliyechaguliwa amepata kazi pengine na hatakuja, na kwamba walikuwa wanahitaji mtu haraka. Mume wake aje Ijumaa asubuhi. "Lakini aje aseme, mama. Sisi hatuwezi kukisia yaliyomo kifuani mwa mtu."

Mwalimu alishukuru tena na tena, na alipoweka simu alijikuta bado ameinamisha kichwa mbele ya ukuta.

*

Ndipo jiko likageuka chumba cha usaili. Mwalimu alikaa kwenye kiti kimoja, akamkalisha mumewe kwenye kingine, akashika mwiko.

"Boila unaijua?"

"Ki—"

Mwiko ukagonga meza.

"Ndiyo, naijua," alisema Fundi.

"Unaijua vipi?"

"Vizuri kiasi."

"Kiasi gani, baba watoto? Kiasi cha kijiko au cha ndoo?"

Mabinti waliokuwa wakichungulia mlangoni wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, ila masikio yake yalikuwa yamewaka moto. Mwalimu akamwamuru aseme hivi: mimi ni fundi hodari, hakuna boila inayonishinda. Fundi alifungua mdomo, akaufunga, akaomba maji. Akanywa. Akajaribu tena kwa sauti ya mtu anayekiri wizi kituo cha polisi.

"Mimi ni... fundi hodari. Hakuna boila..."

"Nani huyo anajipigia debe?"

Ilikuwa sauti ya Bibi. Alikuwa amesimama nyuma ya mabinti, mtandio begani, na uso aliokuwa nao Fundi aliujua tangu utotoni.

"Mama, tunafanya mazoezi tu," alisema.

"Mazoezi ya nini? Ya kujisifu? Nilikulea hivyo mimi?"

"Mama," Mwalimu aliingilia, "watu wa hapa ndivyo walivyo. Usipojisemea wanadhani huna kitu."

"Basi wamekosa watu wa kuwasemea, maskini." Bibi alisogeza kiti, akakaa. "Sikiliza, mke wa mwanangu. Mwanangu alipokutaka wewe, alikwenda mwenyewe kwenu kumwambia baba yako kwamba yeye ni kijana mzuri?"

"Hapana, mama."

"Alikwenda nani?"

"Ulimtuma mjomba wake."

"Mjomba akasema nini?"

Mwalimu akatabasamu bila kutaka. "Akasema mengi. Mengine aliyatia chumvi."

"Na baba yako akakubali. Sasa kazi na mke kipi kikubwa? Mbona kwa mke tulipeleka msemaji, na kwa kazi tunampeleka mtoto wa watu peke yake akajivue nguo mbele ya wageni?" Bibi akajifunga mtandio vizuri. "Mjomba hayupo huku. Nitakwenda mimi."

Fundi na mkewe waliangaliana. Walijaribu kumweleza kwamba hapa haifanyiki hivyo, kwamba lugha yenyewe ya hapa hajui zaidi ya salamu. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, kisha akauliza Ijumaa watoke saa ngapi.

"Mwache aje," Mwalimu alinong'ona baadaye, walipobaki wawili. "Akae nje tu. Tukimkatalia, hilo sononeko litatushinda."

Na ukweli ni kwamba Fundi mwenyewe alifarijika. Mtu mzima, baba wa watoto, lakini aliposikia mama anakwenda naye, usiku ule alilala fofofo.

*

Ijumaa Bibi alivaa nguo yake ya sherehe, ile ambayo huku ugenini haikuwahi kutoka kabatini, akajipaka mafuta mpaka magotini. Walitembea taratibu, mama ameshika mkono wa mwana, mpaka kwenye jengo la dobi lililokuwa nyuma ya hospitali. Mvuke ulikuwa ukitoka kwenye bomba la ukutani. Fundi aliusikiliza akipita, akakunja uso kidogo, akaendelea.

Mama wa utumishi alitoka kuwapokea. Alimtazama Bibi, akamtazama tena, akalegeza sauti.

"Mgonjwa anaandikishwa jengo la mbele," alisema. "Nimwitie kiti cha magurudumu?"

"Haumwi," alisema Fundi. "Ni mama yangu. Amekuja... amekuja kunisemea."

"Kukusemea nini?"

"Kazi."

Karani, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, alipaliwa. Aligeuka ukutani akikohoa, lakini mabega yake yalimsaliti. Mama wa utumishi hakucheka. Alijitahidi sana asicheke, na Fundi aliziona zile juhudi, zikamuumiza kuliko kicheko chenyewe.

"Hapa mtu mzima haji na mama yake," alisema yule mama. "Naomba asubiri kwenye benchi. Utaingia wewe tu."

Fundi akamtafsiria mama yake kwa namna yake: wamesema wamefurahi umekuja, ila chumba ni kidogo. Bibi aliwaangalia wote, akaelewa zaidi ya alivyotafsiriwa. Akakaa kwenye benchi, mgongo wima.

"Nenda," alimwambia. "Mimi niko hapa."

Ndani walikuwa wale wale watatu. Mkuu wa karakana alipandisha miwani kwenye kipara.

"Tuanze upya," alisema. "Tueleze wewe ni fundi wa namna gani."

"Mimi ni..." Fundi alianza. Aliyatafuta maneno ya jikoni, akayakuta yote yapo, yamepangwa, mwiko na kila kitu. Hayakutoka. Karani alikuwa na vidole juu ya kompyuta, na nje ya mlango mama yake alikuwa ameketi peke yake na nguo ya sherehe kati ya vikapu vya mashuka machafu. Kwa hiyo ndiyo basi, aliwaza. Jumapili napanda gari la machimbo.

"Samahani," alisema. "Kwetu mtu hajisemei. Anakuja na mtu wa kumsemea. Mama yangu nimeambiwa akae nje, na ni haki yenu, mna utaratibu wenu. Basi naomba ruhusa nifanye mimi hiyo kazi ya mama. Nimsemee fundi mmoja ninayemfahamu."

Mama wa utumishi alifungua mdomo kukataa. Mkuu wa karakana akainua kidole.

"Msemee," alisema.

Fundi akasimama. Hakuambiwa asimame, lakini msemaji huwa hakai.

"Nimekuja kuwaletea mtu," alianza, na sauti yake ikawa nyingine kabisa, nzito na tulivu, sauti ya mjomba. "Huyu bwana nimemfahamu tangu mdogo. Ni fundi. Si fundi wa kupaka mafuta akaondoka, ni fundi wa kulala na mashine. Boila anaifungua, anaisafisha masizi, anabadilisha mabomba yake, anaiwasha, halafu anakaa nayo mpaka ipoe. Mota ikianza kuugua anajua kabla haijafa. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaweka kwenye mota, mpini anaweka sikioni, anasikiliza. Huko alikofanya kazi, madaktari hawakuwahi kukosa shuka safi siku zote alizokuwapo yeye. Siku aliyoondoka, mkuu wa hospitali alimsindikiza kwa miguu mpaka getini. Yeye hakuwaambia haya. Hawezi kuwaambia. Nawaambia mimi."

Karani alikuwa ameacha kuandika.

"Ana kasoro gani?" aliuliza mkuu wa karakana, akikaza macho kama mtu aliyeanza kuburudika.

"Anazo. Mbishi anapoambiwa abadilishe kitu ambacho bado kizima. Chakula kinapoa anakiangalia. Na ananyamaza mahali pa kusema. Ndiyo maana mara ya kwanza alikaa hapa hapa mkamwona mwanafunzi." Fundi akaelekeza kidole mlangoni. "Na leo amepita pale nje, akasikia bomba lenu la ukutani linapumua vibaya. Angeaga akaenda zake bila kuwaambia, kwa kuogopa kuonekana mjuaji. Mimi nawaambia. Liangalieni."

Mkuu wa karakana akapiga paja. "Wiki nzima namwambia fundi wa zamu kuhusu hilo bomba!"

"Huyo fundi wako," mama wa utumishi aliuliza, na sasa hakuwa anajizuia kucheka tena, alikuwa amelisahau hilo, "kwa nini anaitaka kazi hii hasa?"

Hapo sauti ya mjomba ikamponyoka. "Akikosa, keshokutwa anakwenda mbali," alisema. "Ana mabinti wawili. Ana mke aliyewapigia nyinyi simu na haya yake yote. Ana mama huyo hapo nje. Huyu mtu... huyu mtu hajui kuishi bila watu wake. Ataweza kupasua mawe, nguvu anazo. Lakini atakuwa anapasua na moyo wake humo humo."

Walimwomba atoke kidogo. Alikaa kwenye benchi kando ya mama yake. Bibi alimshika kiganja, akakigeuza, akakifuta jasho kwa ncha ya mtandio.

Mlango ulipofunguliwa, alitoka mkuu wa karakana mwenyewe.

"Sikiliza, bwana msemaji," alisema. "Nafasi ya fundi kamili siwezi kukupa leo, wakubwa watataka kuona kwanza. Nitampa nafasi ya msaidizi, kwa majaribio. Mshahara ni wa msaidizi. Je, huyo fundi wako anaweza kuanza Jumatatu?"

"Anaweza," alisema Fundi. Midomo ilikuwa inamcheza. "Nitamleta mwenyewe."

Mzee yule alicheka mpaka miwani ikateleza kutoka kwenye kipara. Wakapeana mikono, mara moja, mara mbili, na Fundi alikuwa akisema asante, asante sana mkuu, asante, hajui namna ya kuacha. Msaidizi! Wengine wangenuna. Yeye kifua kilikuwa kimejaa, aliwaona binti zake mezani, aliuona uso wa Mwalimu atakaposikia, na aliona angeweza kufagia masizi ya boila ile kwa mikono mitupu na bado akashukuru.

"Mama, nimepata," alimwambia Bibi. "Sitakwenda. Nimepata."

Bibi alifumba macho. Midomo yake ilitembea bila sauti, kisha akainuka kwa kujishika ukuta, akajinyoosha nguo, akamkabili mkuu wa karakana.

"Mwambie asiondoke," alisema. "Bado mimi."

"Mama, wamekwisha kukubali. Hakuna haja tena."

"Nilikuja na maneno yangu. Sirudi nayo nyumbani."

Fundi akamwomba mkuu samahani, mama ana neno. Mkuu wa karakana akaweka miwani machoni, akasimama vizuri, mikono mbele, ingawa lugha ile haijui. Mama wa utumishi naye akaja akasimama mlangoni, na karani nyuma yake.

"Mimi huyu sijawahi kumsifu mbele yake," alianza Bibi, macho kwa mkuu wa karakana, kana kwamba mwanawe hayupo. "Niliogopa atavimba kichwa. Nikampa kazi nikampa karipio, sifa nikaziweka. Sasa mimi ni mzee, na nitazipeleka wapi? Huyu ni mtoto aliyenibeba. Mlima ule wa mpakani wenzake walimwambia mwache bibi, tutamrudia, akaninyanyua mgongoni hakujibu kitu. Hapa anatoka alfajiri kwenda kwenye biskuti zenu, viatu mkononi, anavivaa nje ya mlango ili nisiamke. Nami niko macho. Kila siku niko macho, nasikia anavyofunga mlango polepole, namwombea mpaka nyayo zake ziishe kwenye ngazi. Hajui. Baba yake alikuwa mtu mwema, lakini huyu amempita. Nikiulizwa kule niendako nilifanya nini duniani, nitasema nilimzaa huyu, basi. Mtunzeni. Na mimi nawashukuru kwa kumwacha nyumbani kwangu."

Akashusha mtandio, akarudi kukaa.

Fundi alikuwa amegeukia vikapu vya mashuka. Alitoa leso mfukoni, ikamponyoka, ikaanguka, akaiokota. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na hakujaribu tena kuyazuia.

Mkuu wa karakana alingoja. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Amesemaje?"

Fundi akajifuta uso kwa leso, kisha kwa mkono wa shati. Alianza mara mbili, mara mbili akashindwa.

"Anasema asante," alisema.

"Maneno yote yale?"

"Ndiyo, mkuu," alisema Fundi. "Yote yale."